Nyufa Zilizosiribwa kwa Heshima Yangu

Wenzangu mliobaki maabara mmeniomba niandike miaka yangu ya kazi, mkaongeza kwamba niandike "yatakayotusaidia." Hapo mmenibana. Yatakayowasaidia ni machache, na karibu yote nilifundishwa na watu ambao hawakuwahi kukanyaga darasani kwangu. Yale niliyoyagundua mwenyewe yamo kwenye makabati ya kituo, na panya wameyapitia kwa bidii kuliko mwanafunzi yeyote. Vyeo sitavigusa. Kila nilipopandishwa mlikunywa soda, mkanipiga picha nikiwa nimefumba macho, yatosha. Nitaanza na siku ya kwanza, kisha niwapeleke kwenye shule moja ya msingi njia ya kwenda Chato, ambako nusura niue watoto wa darasa la kwanza kwa kalamu na muhuri.

Siku ya kwanza nilifika kituoni Shinyanga nimevaa suti ya rangi ya ugoro. Nilikuwa nimetoka masomoni ng'ambo, nimeandika kitabu kizima juu ya kuta za matofali na tetemeko la ardhi, na katika kitabu hicho hapakuwa na tofali hata moja nililolishika kwa mkono wangu. Mlangoni mwa karakana alikaa mzee mfupi, kofia ya pama kichwani, anatafuna karanga. Nikasimama mbele yake nikingoja anisalimie, kwa kuwa mimi ndiye msomi. Akanitazama kuanzia viatu hadi tai.

"Marahaba," akasema.

Mimi sikuwa nimemwamkia. Nikashikwa na haya, nikasema "Shikamoo" kwa kuchelewa, kama mtu anayelipia nauli akiwa ameshashuka. Huyo ndiye fundi Mabula, mwashi wa maabara. Nyinyi mlimkuta keshachoka, miguu imemvimba, anasinzia kwenye kiti cha plastiki. Mimi nilimkuta mkali.

"Mwalimu, nasikia wewe ni bingwa wa kuta," akaniambia. "Jenga basi."

Akanipa mwiko, rundo la matofali ya kuchoma na ndoo ya udongo uliokandwa. Nikavua koti. Nilijenga hadi saa sita, jasho linanitoka hadi kwenye soksi, wanafunzi wamekusanyika kama kuna mnada. Nilipomaliza, Mabula akaning'iniza timazi ubavuni mwa ukuta, akalitazama, akanitazama mimi, akalitazama tena.

"Mwalimu," akasema, "ukuta wako unawainamia watu. Una adabu kukuzidi."

Wanafunzi walicheka hadi wengine wakakaa chini. Ukuta ule haukubomolewa. Ndio ule ulioko nyuma ya stoo, mnaoanikia ovaroli, na ambao kila mgeni hupelekwa kuuona. Sasa mjue ni wa nani. Mabula aliuita "utafiti wa kwanza wa Mwalimu," na kwa kweli hakuna andiko langu lililotembelewa na watu wengi kiasi hicho.

Baada ya wanafunzi kuondoka alinionyesha kosa. Alichukua tofali kavu akalitumbukiza kwenye ndoo ya maji, likaanza kutoa mapovu. "Sikiliza anavyokunywa," akasema. "Ukimweka mkavu, anakunywa maji ya udongo wote, udongo unabaki unga. Mnyweshe kwanza." Mimi nilikuwa na kurasa nyingi sana juu ya mshikamano kati ya tofali na udongo, na hakuna niliposema lowesha tofali. Tangu siku ile nikawa namwamkia Mabula kabla hajashuka hata kwenye baiskeli.

Miaka iliyofuata tulitengeneza meza ya kutikisia kuta. Ile mpya mliyo nayo, yenye kompyuta, imenikuta naelekea mlangoni. Ya kwetu ilikuwa bamba la chuma juu ya mabomba yanayoviringika, ikisukumwa na mota tuliyoitoa kwenye mashine ya kusaga mahindi. Siku ya kuizindua nilialika wageni. Nilizungumza muda mrefu mno juu ya mawimbi na nguvu za mlalo, nikasogea pembeni, nikapunga mkono kama mwongoza kwaya. Mabula akawasha mota. Meza ikagoma kabisa. Badala yake ikatetemeka sakafu, likashuka vumbi la dari, kioo cha ofisi yangu kikapasuka, wageni wakatimua mbio nje. Ukuta wenyewe ulisimama tuli, haukutikisika hata chembe. Walipoona hivyo wageni wakapiga makofi, wakidhani ndivyo ilivyokusudiwa. Niliwashukuru kwa unyenyekevu mkubwa.

Baadaye meza ilikubali, nasi tukaangusha kuta kwa miaka mingi. Nilikuwa mtu pekee katika ukoo wetu aliyelipwa mshahara wa kubomoa, na mama yangu kule Didia hakuwahi kuelewa. Alikuwa akiwaambia majirani kwamba nafundisha, basi, bila kufafanua. Kwa faida yenu, yote tuliyoyaona juu ya meza ile yanaingia kwenye maneno mawili: funga kona. Ukuta wa tofali ukitikiswa hauanzi kufa katikati. Ufa unaanza kwenye pembe ya dirisha, unapanda kwa mshazari, unafika kona, na kona ikiachana kila ukuta unabaki yatima na unaanguka kivyake. Ndiyo maana tunapiga kelele juu ya lenta, ule mkanda wa zege wenye nondo unaozunguka nyumba nzima juu ya madirisha. Uzunguke wote, usikatike hata mahali pamoja, kama mkanda wa suruali. Mkanda uliokatika sehemu moja tu, mnajua matokeo yake.

Chombo nilichokipenda kuliko vyote hakikuwa na waya wala betri. Mabula alinifundisha kubandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa, kikishikwa na saruji kidogo kila upande. Kioo kikibaki kizima, ufa umelala. Kikikatika, ufa unatembea, toa watu ndani. Niliita kitu hicho jina refu la kitaalamu kwenye maandiko yangu. Yeye alikiita kioo.

Sasa tufike shuleni.

Kilikuwa kijiji kimoja ukishapita Geita, jina lake naliacha. Jirani na shule palikuwa na maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, na wachimbaji walikuwa wanapasua mwamba kwa baruti. Wazazi wakalalamika kwamba chumba cha darasa la kwanza kina nyufa, wakawatoa watoto, wakawasomesha nje chini ya turubai. Tukaombwa kituoni tupeleke mtaalamu akaseme kama chumba kinafaa au hakifai. Mtaalamu ndiye mimi.

Kosa lilianza na barua. Ningeweza kupiga simu, au kuondoka tu na Mabula tukatokea ghafla. Lakini nilipenda sana karatasi yetu yenye nembo. Nikaandika kwamba "kwa heshima na taadhima" nitafika Alhamisi ya wiki mbili mbele kukagua kuta. Nikapiga muhuri, nikaupulizia ukauke.

Siku hiyo Mabula aliumwa meno, nikaenda peke yangu. Nilipokelewa kwa nyimbo. Shule iling'aa. Uwanja umefagiliwa, mawe ya njiani yamepakwa chokaa, kuta za madarasa nyeupe pee. Mwalimu Mkuu, kijana mpole mwenye mashati ya mikono mirefu hata juani, akanitambulisha kwa wazazi kuwa ni mtaalamu wa matetemeko. Mzazi mmoja akauliza kwa sauti, "Ndiye anayeyaleta au anayeyazuia?" Nikacheka na wote, ingawa swali lilikuwa zuri.

Aliyenipeleka darasani alikuwa Mama Kabula, mpishi wa uji wa shule na mjumbe wa kamati. Mama wa makamo, mwembamba, sauti yake ingemfikia ng'ombe upande wa pili wa mbuga. Tuliingia chumba cha darasa la kwanza. Kuta ziko laini kama mgongo wa chungu. Nikatoa kipimo changu cha nyufa, nikatembea nacho ukutani mwote, hapakuwa na cha kupima. Pale kona ya nyuma niligonga kwa kidole, nikasikia sauti imefifia. Nikajiambia ni unyevu. Tena nilinusa harufu ya udongo mbichi na samadi, nikamsifu Mama Kabula kwa usafi.

Yeye alikuwa amesimama kwenye kona hiyohiyo, ananitazama usoni.

"Umeona, Dakta?"

"Nimeona, mama. Kuta nzuri sana."

"Umeona vizuri?"

"Vizuri kabisa."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kwa heshima. "Haya. Kama umeona, sawa."

Tukala ugali na sato mkubwa aliyejaa sahani. Nikaandika palepale, mkono una mafuta ya samaki, kwamba kuta ni imara, malalamiko ya wazazi yametokana na hofu, na watoto warudi ndani. Nikapiga muhuri. Jumatatu wakarudi ndani. Mimi nikaongeza shule hiyo kwenye somo langu kama mfano wa ujenzi wa kienyeji uliohimili mitikisiko, na picha nikawaonyesha wanafunzi. Nakumbuka nilisema, "Tazameni, hakuna hata ufa mmoja."

Jumapili iliyofuata nilikwenda Didia kumwona mama. Nilimkuta ndani amepanda kwenye stuli, mikono yake imejaa udongo uliochanganywa na samadi na majivu, anasiriba ukuta juu ya mlango wa chumbani. Alikuwa keshazeeka, pumzi zinamwisha, lakini kiganja chake kilikuwa bado kinapita ukutani bila kuruka mahali.

"Mayu, acha hiyo kazi," nikamwambia. "Unafanya nini hapo juu?"

"Paliachama, bhabha. Pana ufa."

"Si ungeniacha niuone kwanza?"

"Mgeni anaingia nyumbani anakuta ukuta umeachama, si aibu?"

"Mgeni gani?"

Akanishangaa. "Si wewe? Uliniambia kwenye simu unakuja."

Nikakaa kwenye kinu. Mimi nimezaliwa katika nyumba ile. Utoto wangu wote nimetumwa kuokota samadi kila ilipotajwa kwamba mgeni anakuja, ajapo mjomba, ajapo katekista, ajapo mchumba wa dada. Usukumani mgeni haonyeshwi ufa. Nilijua hilo kabla sijajua kuhesabu, nikalisahau nikiwa nasoma namna ya kuhesabu nyufa. Nikawaandikia watu wale barua ya wiki mbili, kwa heshima na taadhima, kwamba mgeni anakuja. Walifanya nini? Walinifanyia nilichofanyiwa na mama.

Mngetegemea niseme kwamba niliruka kwenye gari jioni ileile. Sikuruka. Nilikaa kimya siku tatu, na hizo siku tatu nazionea haya kuliko kosa lenyewe. Jumatatu nilijiambia labda nyufa zao zilikuwa ndogo. Jumanne nilitafuta namna ya kuandika barua nyingine ambayo ingewatoa watoto ndani bila kusema mimi nimekosea. Nilichana karatasi nne zenye nembo. Jumatano nilifundisha somo lilelile, na picha ileile. Watoto wako chini ya ukuta ule kila asubuhi, na mimi nalinda jina langu. Ndivyo ilivyokuwa, sina namna ya kuipamba.

Jumatano mchana nikamweleza Mabula. Shavu lake lilikuwa bado limevimba. Alisikiliza hadi mwisho.

"Sasa tunangoja nini hapa?" akauliza.

"Nafikiria nitawaambiaje."

"Mwalimu, ukuta ule haungoji ufikirie."

Alhamisi asubuhi tulikuwa barabarani kwenye pikapu ya kituo. Tukaupita mgodi wa Buzwagi, tukaipita Kahama, Mabula amelala mdomo wazi na leso imefungwa kichwani hadi kidevuni kwa ajili ya jino, mimi nafanya mazoezi ya sentensi. Tulipofika shuleni niliwasikia kabla ya kuzima gari. Darasa la kwanza walikuwa wanasoma kwa pamoja: ba, be, bi, bo, bu. Sauti zinatoka ndani.

Mwalimu Mkuu alifurahi kuniona. Nikamwomba awatoe watoto mara moja. Furaha ikamtoka usoni.

"Dakta, turubai limeshachanika, na mvua ndizo hizi. Wazazi walikubali kuwarudisha kwa sababu ya barua yako." Akaitoa kwenye faili. Alikuwa ameiweka kwenye plastiki ngumu ili isichakae. "Hii hapa. 'Kuta ni imara.' Sahihi yako, muhuri wako. Nikiwatoa leo, kamati wataniuliza nimemsikiliza nani."

"Kuna taarifa mpya za kitaalamu," nikasema.

"Zipi hizo?"

Mabula akakohoa. Wazazi wawili watatu waliokuwa uwanjani walikuwa wameshasogea, na Mama Kabula ametoka jikoni na mwiko wa uji mkononi. Ile sentensi yangu ya njiani, niliyoipiga pasi tangu Kahama, ilinipotea yote.

"Nilikosea," nikasema. "Sikuona kitu. Niliona chokaa tu. Niliandika uongo bila kujua, na tangu Jumapili nimejua nikanyamaza. Tafadhali, watoeni watoto."

Mama Kabula akaweka mkono kiunoni.

"Kumbe hukuona? Mimi si nilikuuliza! Mara mbili nilikuuliza!"

"Uliniuliza, mama."

"Sisi tulijua una mashine! Tukasema huyu ametoka chuoni, anaona ndani ya ukuta kama wanavyoona mfupa hospitali. Ningejua huoni, ningesiriba ili iweje? Nyufa nilizifunika kwa sababu ya heshima, Dakta, sikukuficha!"

"Najua, mama. Hata mama yangu ananifanyia hivyohivyo."

 Kisha akamgeukia Mwalimu Mkuu. "Watoe watoto. Mimi ndiye niliyepaka, najua kilichoko humo."

Watoto wakatoka mbio, wakidhani ni mapumziko. Mama Kabula akaingia na panga, akaanza kukwangua. Hakutafuta. Mkono wake ulikwenda moja kwa moja kila mahali, na nyufa zote alizijua kama mtu anavyowajua watoto wake. "Huyu ni mzee, nilimkuta hapa nilipoanza kupika. Huyu alikuja na mvua. Huyu alianza baada ya baruti. Mwaka wa kwanza alikuwa uzi, mwaka wa pili kidole kikaingia." Alipofika kona ya nyuma, pale nilipogonga nikasema ni unyevu, donge zima la plasta likadondoka. Akatumbukiza vidole vyote vinne hadi kwenye maungio. Mabula alikuwa amezunguka nje.

"Mama Kabula," akaita kutoka upande wa pili, "naliona jicho lako."

Lenta haikuwapo. Kona ile ilikuwa imesimama kwa mazoea na kwa samadi.

Jumamosi wazazi wakakusanyika kubomoa. Mabula alipanga kushusha mabati kwanza, kisha mbao, kisha kuvuta ukuta kwa kamba taratibu. Hatukufika kwenye kamba. Waliposhusha mbao ya pili, kona ya nyuma ikaachia yenyewe, bila kuguswa, ikalala ndani yote. Madawati ya mstari wa nyuma yalikuwa bado hayajatolewa, na yakapondeka yote. Vumbi likatulia. Halafu nikasikia sauti za akina mama: kila mmoja alikuwa anahesabu wanawe. Watoto wote walikuwa uwanjani, wanaonekana, wanacheza mpira wa makaratasi, lakini wazazi walihesabu, wakarudia kuhesabu. Mimi nilikwenda nyuma ya choo cha walimu nikatapika. Kisha nikalia. Mabula alinifuata, akanipa maji kwenye kopo la uji, hakunitania. Ndiyo siku pekee ambayo hakunitania.

Darasa likajengwa upya, lenta ikazunguka bila kukatika. Mama Kabula alisimamia mapipa ya maji, na tofali ambalo halijaacha kutoa mapovu halikumpita. Fundi mmoja alijaribu kupitisha tofali kavu, akarudishwa mbele ya watu wote kwa sauti ile ya kuitia ng'ombe.

Mnaijua fomu yetu ya ukaguzi. Wengi wenu mmeniuliza kwa nini swali la kwanza, kabla ya vipimo, kabla hata ya jina la jengo, ni "Nani alisiriba hapa mara ya mwisho?" Nikawajibu kwa maneno marefu juu ya ushirikishwaji wa jamii. Yalikuwa maneno tu. Swali lile ni la Mama Kabula. Ukimpata aliyesiriba, umepata historia ya nyufa zote, na hana haja ya kompyuta. Na ndiyo sababu sikuwahi tena kumwandikia mtu barua ya kumjulisha kwamba nakuja.

Tetemeko lilikuja miaka kadhaa baadaye, mchana, watu wakalisikia hadi Chato. Mimi nilikuwa kituoni, nikaona maji yanacheza kwenye glasi. Kabla sijashika simu, ikaita.

"Dakta, imetikisika," akasema Mama Kabula.

"Darasa?"

"Lipo."

"Watoto?"

"Walitoka mbio, sasa wanacheka. Hakuna aliyechubuka." Nikamsikia naye anazuia kicheko. "Kimeanguka kitu kimoja tu. Ile barua yako ya 'Kuta ni imara.' Mwalimu Mkuu alikuwa ameitundika ofisini, anawaonyesha wageni. Imepasuka kioo."

Nikamwambia asiitengeneze. Aliitengeneza, na nasikia bado ipo.

Mabula ametangulia mbele ya haki, na mama pia. Mimi nimerudi Didia, kwenye nyumba ileile. Wiki hii mmeniandikia kwenye kundi letu la simu kwamba Jumamosi mnakuja wote kunisalimia, pamoja na vijana wapya. Nilifurahi sana. Leo asubuhi niliamka, nikaenda kwa jirani kuomba samadi, nikachota majivu, nikachanganya na udongo, nikapanda kwenye stuli, nikaanza kusiriba ukuta juu ya mlango wa chumbani, ambako uzi wa ufa umeanza kuchungulia. Wageni wanakuja, wasomi, wasikute ukuta umeachama. Nilikuwa nimefika nusu, nasifia mkono wangu, ndipo nikajishtukia. Mzee mzima, bingwa wa kuta! Chumba hicho ndimo wanamolala wajukuu zangu wakija likizo.

Nilishuka nikachukua panga. Plasta yangu, iliyokuwa bado mbichi, ikatoka kirahisi. Chini yake nikaikuta ya mama, ngumu, imekauka miaka mingi, na ndani yake alama za vidole vyake vinne, zimepita kwa mpigo mmoja kutoka kushoto kwenda kulia. Ndiyo ile aliyoipaka Jumapili ile, kwa kuwa mgeni alikuwa mimi. Nikainua panga, nikalishusha. Nikainua tena.

Yangu nimeikwangua yote. Ya mama imenishinda. Lakini ufa uko nyuma yake, na mimi najua uko, kwa hiyo mje na panga lenu, mje na vipande vya kioo. Swali la kwanza la fomu nimeshawajibia. Mkinikuta nimekaa nje nimewapa mgongo, msiningoje. Ingieni ndani, mkwangue.

Karibuni.